Chonjinam: Hekalu la Wabuddha Lililolea Mbegu ya Kanisa



Mwezi wa Agosti 2027 vijana Wakatoliki wa mataifa yote wameitwa kukutana Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, kwa ajili ya Siku ya Vijana Duniani. Wengi kati yetu hatutafika huko, kwa maana nauli ni kubwa na njia ni ndefu. Lakini safari ya fikra haidai nauli. Katika tafakari hii tuwatangulie wenzetu watakaosafiri, tutoke nje ya jiji lile kubwa kuelekea kusini mashariki, tupande polepole katika bonde la mlima Aengjabong. Kilele chake kina urefu wa mita 667 hivi. Mlima huo si mrefu, ila ni mzuri sana: miteremko iliyovikwa misitu, kijito cha maji baridi kinachoteremka kati ya mawe, majani yanayogeuka mekundu na ya dhahabu wakati wa vuli, na theluji inayofunika kila kitu wakati wa baridi.

Katika bonde hilo palikuwa na hekalu dogo la Wabuddha lililoitwa Chonjinam. Upande wa pili wa mlima huohuo palikuwa na hekalu lingine, jina lake Jueosa. Leo hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililosimama. Mahali pa Chonjinam pamekuwa patakatifu pa Wakatoliki, katika jimbo la Suwon, na mahujaji huenda huko kusali kwenye makaburi ya watu watano wanaoitwa waanzilishi wa Kanisa la Korea. Ilikuwaje Kanisa zima likaanza katika nyumba ya watawa wa Kibuddha? Na watawa wale walipatwa na nini? Tutakayoyasikia yatatufurahisha, na pengine yatatuchoma kidogo pia.

Kwa nini mahekalu yalikuwa milimani

Ili tuelewe habari hii, yafaa kwanza tujue Wabuddha walikuwa na hali gani katika Korea ya zamani. Dini ya Buddha iliingia Korea katika karne ya 4, na kwa karne nyingi iliheshimiwa na wafalme. Lakini mwaka 1392 ukoo mpya ulishika utawala, ukaanzisha ufalme ulioitwa Joseon. Watawala hao walifuata mafundisho ya Konfusio, mwalimu wa kale wa China, wakayafanya kuwa msingi wa sheria, wa shule na wa maisha ya nyumbani. Wabuddha wakashushwa. Mahekalu mengi yalifungwa, mashamba yao yakachukuliwa, na watawa wakahesabiwa pamoja na matabaka ya chini kabisa ya watu. Walikatazwa hata kuingia katika mji mkuu, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 1895.

Basi watawa walibaki milimani. Tunapotazama leo picha za mahekalu ya Korea yaliyojificha kati ya misitu na vilele, tunasema: tazama jinsi walivyopenda uzuri wa maumbile! Ni kweli, walitafuta utulivu. Lakini tusisahau kwamba wengi wao hawakuwa na mahali pengine pa kukaa. Uzuri wa mlima ulikuwa pia kimbilio la watu waliofukuzwa mjini.

Wasomi wa Konfusio, ingawa hadharani waliwadharau watawa, walikuwa na desturi ya kwenda katika mahekalu hayo kusoma. Huko hapakuwa na kelele za mji, palikuwa na vyumba vyenye joto, chakula cha mboga za mwituni, na wenyeji wasiouliza maswali mengi. Ndivyo kikundi kimoja cha wasomi kilivyofika katika mlima Aengjabong.

Usiku wa theluji

Wasomi hao walikuwa wafuasi wa fikra za mwalimu Yi Ik, aliyefariki mwaka 1763. Yeye aliwafundisha wanafunzi wake wasiridhike na maneno matupu ya vitabu vya kale, bali watafute elimu inayofaa maisha ya watu: kilimo, hesabu, elimu ya nyota, utawala wa haki. Jamaa zao nyingi zilikuwa za kundi la kisiasa lililonyimwa nafasi kubwa katika utawala. Walikuwa na elimu kubwa na njaa ya kujua, lakini milango ya vyeo haikuwa wazi kwao.

Vitabu vilivyotoka China vilikuwa vimewafikia. Kati yake kilikuwamo kitabu cha Padri Matteo Ricci, Mjezuiti kutoka Italia, kilichochapishwa Beijing mwaka 1603 kwa lugha ya Kichina, kikieleza imani katika Bwana wa Mbinguni kwa hoja ambazo msomi wa Konfusio angeweza kuzifuata. Hapakuwa na mmisionari hata mmoja katika Korea. Palikuwa na vitabu tu, na watu walioamua kuvisoma kwa bidii.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1779, mwalimu Gwon Cheol-sin aliwakusanya wanafunzi wake katika hekalu la mlimani. Mmoja wa jamaa ya kikundi hicho, Jeong Yak-yong, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, aliacha maandishi yanayoeleza maisha ya siku zile. Waliamka alfajiri, wakanawa uso kwa maji ya chemchemi yaliyo baridi kama barafu, kisha wakakariri mausia ya wahenga alfajiri, jua lilipochomoza, adhuhuri na jua lilipotua. Anasema pia kwamba Yi Byeok alifika usiku, theluji ikianguka, wakawasha mishumaa na kujadiliana juu ya vitabu vitakatifu vya wahenga.

Huyu Yi Byeok alikuwa kijana wa miaka kama 25, wa jamaa ya maofisa wa jeshi. Yeye alikataa kazi ya jeshi, akachagua vitabu. Kuhusu usiku ule, Padri Charles Dallet, aliyechapisha historia ya Kanisa la Korea huko Paris mwaka 1874, anaongeza habari nzuri ambayo Wakristu wa Korea walikuwa wakisimuliana. Yi Byeok aliposikia kwamba wenzake wamekusanyika, aliondoka mara moja, akatembea mwendo mrefu katika theluji. Alifika usiku wa manane kwenye hekalu, akagonga mlango. Lo! Alikuwa amekosea. Wenzake walikuwa katika hekalu la upande wa pili wa mlima. Hakutaka kungoja asubuhi. Aliwaamsha watawa, akawaomba wamsindikize. Nao, badala ya kumkemea kijana huyo msomi aliyewavurugia usingizi, walijifunga, wakashika fimbo zenye ncha za chuma kwa sababu ya hofu ya wanyama wakali, kwa kuwa misitu ile ilikuwa na chui milia, wakavuka naye mlima usiku huohuo. Waliokuwa katika hekalu la pili waliposikia kishindo cha watu wengi wakifika gizani, waliogopa. Baadaye hofu ikageuka furaha.

Wanahistoria wanajadiliana hadi leo juu ya mkutano huo. Wengine husema ulikuwa mkutano wa elimu ya Konfusio tu, na kwamba mafundisho ya Kikristu yalichanua baadaye. Wengine hushika simulizi la Dallet, kwamba huko mlimani walisoma juu ya Mungu, roho na fadhila, wakaanza kusali asubuhi na jioni. Kwa kuwa kalenda yao haikuwa na juma la siku saba, wakachagua tarehe 7, 14, 21 na 28 za kila mwezi ziwe siku za mapumziko na sala. Tukubali kwamba mbegu ikiwa ardhini haionekani. Mkulima huijua inapochipua. Na mbegu hii ilichipua upesi.

Kanisa lililozaliwa bila padri

Mwishoni mwa mwaka 1783, rafiki yao Yi Seung-hun alipata nafasi ya kufuatana na baba yake katika msafara wa kila mwaka uliopeleka salamu za mfalme wa Korea kwa mfalme mkuu wa China. Yi Byeok alimwendea, akamsihi asipoteze nafasi hiyo: atafute kanisa la Wakatoliki huko Beijing, aulize juu ya imani, abatizwe, na arudi na vitabu. Mwaka 1784 Yi Seung-hun alibatizwa Beijing na Padri Jean-Joseph de Grammont, akapewa jina la Petro, kwa tumaini kwamba atakuwa mwamba wa Kanisa katika nchi yake. Alirudi na vitabu, misalaba na picha takatifu. Yi Byeok alivichukua vitabu, akajifungia kuvisoma, kisha akaanza kuhubiri kwa jamaa na marafiki.

Mwaka huohuo, katika mashua kwenye mto Han, aliwaeleza vijana wa ukoo wa Jeong juu ya uumbaji wa ulimwengu, juu ya mwili na roho, uhai na kifo. Walikuwa wanarudi kutoka ibada ya kumkumbuka marehemu dada yake Yi Byeok, aliyekuwa ameolewa na kaka yao mkubwa. Jeong Yak-yong, aliyekuwa na miaka 22, aliandika baadaye kwamba alishangaa na kubabaika, kana kwamba amefunuliwa anga lisilo na mwisho. Yi Seung-hun aliwabatiza Yi Byeok na wengine, nao wakawabatiza wengine. Walikusanyika Seoul nyumbani kwa Kim Beom-u, mkalimani, mtu wa tabaka la kati. Katika chumba kimoja waliketi wakuu, watu wa kati na watu wa chini. Katika nchi ile jambo hilo lilikuwa karibu uasi.

Mwaka 1785 maofisa waligundua mkutano huo. Wana wa wakuu waliachiliwa. Kim Beom-u, aliyekuwa wa tabaka la chini kuliko wao, aliteswa na kupelekwa uhamishoni, akafa kwa majeraha yake. Yi Byeok alipambana na mateso ya namna nyingine. Baba yake, kwa hasira na aibu, alitishia kujiua ikiwa mwanawe hataacha dini hiyo. Kijana alifungiwa nyumbani, akivutwa huku na upendo kwa baba, huku na imani yake. Muda mfupi baadaye aliugua na kufa, akiwa na miaka zaidi kidogo ya 30. Wengi wetu tunafahamu ugumu wa kusimama kati ya Kristu na mzazi anayelia. Tusiharakishe kumhukumu.

Waliobaki walifanya jambo la ajabu. Kwa kuwa walisoma vitabuni kwamba Kanisa lina maaskofu na mapadri, walichagua baadhi yao wenyewe kuwa mapadri, wakaanza kusikiliza maungamo na kuadhimisha Misa. Hawakufanya hivyo kwa kiburi, walidhani ndivyo inavyopaswa. Lakini mmoja wao aliposoma vitabu kwa makini zaidi, aliona shaka. Walisimamisha yote, wakamtuma Yun Yu-il Beijing mwaka 1789 na barua. Askofu Alexandre de Gouvea aliwasifu kwa bidii yao, akawaeleza kwamba bila daraja takatifu sakramenti hizo si halali. Walitii. Waliona njaa ya Ekaristi, wakasubiri. Padri wa kwanza, Mchina Zhou Wenmo, alivuka mpaka kwa siri mwishoni mwa mwaka 1794. Alikuta Wakristu wapatao 4,000, walioongozwa na kufundishwa na walei tu.

Padri huyo aliunda chama cha walei cha kujifunza na kufundisha imani, kilichoitwa Myeongdohoe, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Jeong Yak-jong, kaka yake Yak-yong. Jeong Yak-jong aliandika katekisimu kwa maandishi ya Kikorea, ambayo wanawake na watu wa kawaida waliweza kuyasoma, na si kwa maandishi ya Kichina ya wasomi. Mwanamke Kang Wan-suk, aliyebatizwa Kolumba, alimficha padri nyumbani mwake miaka kadhaa na kuwafundisha wanawake. Sisi tulio katika shirika la walei, tukiulizwa babu zetu ni nani, tunaweza kuwataja pia hawa.

Mwaka wa damu

Mfalme Jeongjo, ambaye hakupenda kumwaga damu ya wasomi, alifariki mwaka 1800. Mrithi wake alikuwa mtoto, na Malkia Jeongsun akashika utawala kwa niaba yake. Mwanzoni mwa mwaka 1801 alitoa amri ya kuwafuta Wakristu. Mamia waliuawa au kupelekwa uhamishoni. Gwon Cheol-sin, mwalimu wa mkutano wa mlimani, alikufa gerezani kwa mapigo. Jeong Yak-jong na Yi Seung-hun walikatwa kichwa. Padri Zhou Wenmo alijitoa mwenyewe ili waamini wasiendelee kuteswa kwa ajili yake, naye akauawa. Kang Wan-suk pia akauawa.

Jeong Yak-jeon, kaka mwingine, alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Heuksan, mbali baharini. Huko aliishi na wavuvi na kuandika kitabu juu ya samaki wa bahari ile, kisha akafia uhamishoni mwaka 1816. Jeong Yak-yong, aliyekuwa ametangaza kuiacha dini hiyo, alihamishiwa Gangjin, kusini, akakaa uhamishoni miaka 18. Na huko rafiki aliyemliwaza, aliyekunywa naye chai na kujadiliana naye vitabu, alikuwa mtawa wa Kibuddha aitwaye Hyejang, wa hekalu la Baengnyeonsa. Tazama, kwa mara ya pili katika maisha ya ukoo ule, mtu aliyetupwa na wakubwa alipokelewa na mtawa wa mlimani.

Na watawa wa Chonjinam na Jueosa? Wabuddha wa Korea wanasimulia hadi leo kwamba watawa wa huko waliuawa kwa sababu ya kuwapokea na kuwahifadhi wasomi wa dini mpya, na mahekalu yakabomolewa. Majina yao hayamo katika orodha zetu za wafiadini. Wao hawakumwamini Kristu. Walimfungulia mlango mgeni aliyegonga usiku.

Nani anakumbukwa, nani anasahauliwa

Kanisa la Korea lilikua kutoka damu ile. Mwaka 1831 Papa Gregori wa XVI, akijibu maombi yaliyoletwa na walei wa Korea wenyewe, aliisimamisha nchi hiyo kama eneo la kitume. Mmoja wa walioandika maombi hayo alikuwa Paulo Jeong Ha-sang, mwana wa Jeong Yak-jong, aliyevuka mara nyingi mpaka wa China kutafuta mapadri. Tarehe 6 Mei 1984 Papa Yohane Paulo wa II aliwatangaza watakatifu wafiadini 103 mjini Seoul, kati yao Paulo Jeong Ha-sang. Tarehe 16 Agosti 2014 Papa Fransisko aliwatangaza wenyeheri wengine 124, kati yao Jeong Yak-jong, Padri Zhou Wenmo na Kang Wan-suk.

Kuanzia mwaka 1979 mabaki ya Yi Byeok, kisha ya Gwon Cheol-sin, ya mdogo wake Gwon Il-sin, ya Yi Seung-hun na ya Jeong Yak-jong yalihamishiwa Chonjinam. Wakatoliki wanatumaini kujenga huko kanisa kubwa litakalokamilika mwaka 2079, miaka 300 baada ya mkutano ule wa theluji. Wanajenga polepole, kizazi baada ya kizazi. Ni ishara nzuri ya uvumilivu.

Lakini hapa ndipo habari yetu inapochoma. Mhujaji anaweza kupanda hadi Chonjinam, akasali kwenye makaburi matano, akateremka, bila kutambua kwamba amekanyaga ardhi ya hekalu. Mwaka 2021, mji wa Gwangju uliposhirikiana na Wakatoliki kupanga njia ya hija kutoka Chonjinam hadi ngome ya kale ya Namhansanseong, Wabuddha walipinga kwa uchungu. Ngome hiyo nayo ilijengwa na kulindwa kwa jasho la watawa wao. Malalamiko yao yalikuwa kwamba Wakatoliki wanafanya historia yao kuwa mali ya Wakatoliki peke yao, na kufuta kumbukumbu ya wale waliowapokea.

Je, malalamiko hayo yana haki? Naona yanayo. Wahenga wetu walisema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mtu akikuficha nyumbani mwake, kisha kwa ajili yako nyumba ikavunjwa, nawe ukaja baadaye kujenga nyumba yako mahali palepale, wajibu wako wa kwanza ni kutaja jina la mwenyeji. Usipolitaja, hata kama hati ya kiwanja ni halali, umemwibia kitu kisichoandikwa katika hati.

Wengine watauliza: tukiwasifu watawa wa Kibuddha, je, hatupunguzi imani yetu? Hapana. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya dini zisizo za Kikristu, uliitaja dini ya Buddha waziwazi na kufundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini hizo. Yesu mwenyewe, alipotaka kutufundisha jirani ni nani, hakumchagua kuhani wala Mlawi. Alimchagua Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Watawa wale wa Aengjabong, waliodharauliwa na kukatazwa kuingia mjini, waliamka usiku na kumsindikiza mtu aliyepotea njia. Je, hawafanani na Msamaria yule? Yi Byeok asingevuka mlima peke yake.

Tunajifunza nini

Tunajifunza kwanza kwamba imani inaweza kuanzia kwa vijana wanaosoma. Katika mwaka 1779 Jeong Yak-jeon alikuwa na miaka 21, Jeong Yak-jong miaka 19, Jeong Yak-yong miaka 17. Hawakungoja mtu awaletee kila kitu mkononi. Walisoma, waliulizana, walisali kadiri walivyojua. Katika vituo vyetu vya mbali, ambako padri hufika mara chache katika mwaka, mkatekista na vijana wake wanaweza kujiona katika kioo hiki.

Tunajifunza pili unyenyekevu. Walipogundua kwamba wamekosea kuhusu sakramenti, waliacha mara moja, ingawa iliwauma. Bidii isiyokubali kusahihishwa huharibu. Bidii inayotii hujenga.

La tatu ni kukumbuka kwa haki. Kila parokia ina historia yake, nayo mara nyingi huandikwa kwa majina ya maaskofu, mapadri na wafadhili. Lakini nani alitoa kiwanja? Nani alimpa mkatekista wa kwanza chakula na mahali pa kulala? Wakati wa vita, nani asiye wa dini yetu alimficha ndugu yetu chini ya paa lake? Wazee wangali hai, tuwaulize. Wakiondoka bila kusimulia, tutabaki na historia nusu, na historia nusu hutufanya tuwe na kiburi.

Mwezi wa Agosti 2027, vijana watakapoimba katika viwanja vya Seoul, tuwaombee. Na baadhi yao watakapopanda bonde la Chonjinam, tuombe wasimame kidogo kabla ya kufika makaburini, wasikilize kijito, wawakumbuke pia wale wasio na kaburi lenye jina, walioshika fimbo zao wakavuka mlima katika theluji ili mgeni asife njiani.

Kwa kutafakari pamoja katika kikundi

1. Yi Byeok alivutwa kati ya baba yake na imani yake. Je, tunawasaidiaje wenzetu walio katika hali kama hiyo, bila kuwafanya wawadharau wazazi wao?

2. Ni mtu gani asiye Mkatoliki aliyeisaidia jumuiya yetu kuanza au kuokoka? Tumemshukuru namna gani?

3. Ikiwa padri hawezi kufika kwetu kwa miezi mingi, sisi walei tunawajibika kufanya nini, na tusifanye nini?

Sala. Ee Mungu, Baba wa watu wote, uliyewaongoza watafutaji wa kweli katika usiku wa theluji, utupe bidii ya kukutafuta, unyenyekevu wa kusahihishwa, na kumbukumbu ya haki kwa wote waliotufungulia mlango. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.